Kimo cha 911 kwenye barabara za Tanga

Ukipaki gari la chini Tanga, kila apitaye ni fundi. Muuza kahawa wa Ngamiani atakwambia uweke spesa, kile kipande cha kuinulia gari kinachowekwa juu ya shokapu. Dereva wa bajaji atakushauri ufunge matairi makubwa. Mzee anayetoka msikitini atalizunguka gari lote, atainama, atatikisa kichwa na kwenda zake bila neno, na huyo ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote. Halafu yupo kijana, hakosekani, ambaye kwake gari bado liko juu mno. Anataka lilale mpaka tairi limezwe na bodi, kama yale anayoyaona kwenye simu.

Langu ni Porsche 911 SC ya mwaka 1981, usukani kulia, iliyoingia kwa Horohoro ikiwa imechujuka rangi na imeinamia upande wa dereva. Msimamo wangu, ambao kijana yule haupendi, ni huu: gari la michezo la zamani likija kuishi huku lipandishwe. Ila lipandishwe kwa kipimo cha vyuma vyake. Karibu kila mtu hupima pengo kati ya tairi na tao la bodi, na pengo hilo haliaminiki. Bodi ya miaka arobaini imeshagongwa, imeshanyooshwa, imeshapakwa puti. Tairi nalo likibadilishwa saizi, pengo linabadilika na gari halijapanda wala kushuka kitu.

Kwanza tuelewane ni nini kinachobeba gari hili, maana hapo ndipo ushauri wa mtaani unapokwama. Halina springi ya koili hata moja. Tangu 911 ilipoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963 hadi kizazi hicho kilipokoma mwaka 1989, ilibebwa na toshenba: fimbo ya chuma iliyofungwa ncha moja isizunguke, na ncha ya pili ikashikwa na mkono wa tairi. Tairi likipanda, mkono unaisokota fimbo kama watu wawili wanavyokamua kanga iliyoloa, na fimbo inataka kurudi ilivyokuwa. Basi. Ferdinand Porsche alipata hataza ya mfumo huo mwaka 1931, na ndio uliokuwa chini ya Volkswagen zile za injini nyuma ambazo wazee wetu walizifahamu vizuri.

Na huna haja ya kusafiri kuiona. Inama chini ya karibu Hiace yoyote pale stendi ya Kange, utaiona mbele, imelala kufuata urefu wa gari, na nyuma yake kuna boliti ya kuikazia. Fundi wangu amezeekea chini ya Hiace. Alipoingia chini ya 911 mara ya kwanza akatoka na uso wa mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. "Shehe, hiki chuma nakijua," akasema. Baadaye akafika nyuma, akaona toshenba zimelazwa kukingama ndani ya bomba, hakuna boliti ya kukazia. "Hiki sikijui," akasema, na kwa neno hilo nikamwamini zaidi.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la Hiace linalonikera. Madereva wengi huamini kwamba ukikaza ile boliti gari linakuwa gumu, linabeba zaidi. Haliwi gumu. Ugumu wa toshenba unatokana na unene wake, urefu wake na chuma chenyewe. Boliti inabadilisha tu pale ambapo mkono unaanzia. Kinachohisiwa kama ugumu ni shokapu kufika mwisho wa mwendo wake: gari limepandishwa mno, nafasi ya tairi kushuka imekwisha, na kila likitoka kwenye tuta tairi linaning'inia hewani mpaka chuma kinagonga chuma. Abiria wa kiti cha mbele wanaujua mlio huo. Ukitaka ugumu hasa, unabadilisha fimbo, na hapo hesabu inakwenda kasi sana kwa sababu ugumu unakua kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Toshenba za mbele za gari langu zina unene wa milimita 18.8. Wapenda mashindano hufunga za milimita 21. Tofauti ya milimita mbili na kidogo, lakini ugumu unapanda kwa zaidi ya nusu. Nilishauriwa nifunge hizo. Kwa Tanga? Nani anataka kuhesabu kokoto kwa uti wa mgongo?

Wenye magari ya koili nao wana balaa lao. Ukikata mizunguko ya springi, iliyobaki inakuwa ngumu zaidi, maana mzigo uleule unagawanywa kwa mizunguko michache, na papo hapo umeipunguzia nafasi ya kubonyea. Spesa ya juu ya shokapu ndiyo maarufu zaidi kwetu, na sitaitukana, imewavusha wengi. Kwa sentimita moja au mbili gari linavumilia. Zaidi ya hapo, shafti za matairi zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikuundiwa, na mipira yake inapasuka kabla ya wakati.

Kijana wa kwenye simu huona aibu gari la michezo likipandishwa. Mimi humkumbusha Safari Rally. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, na njia yake ya kwanza ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1954 Vic Preston alishinda na Volkswagen, gari la toshenba. Mwaka 1978 mtoto wake, Vic Preston Jr, alimaliza wa pili na Porsche 911 SC, iliyopandishwa tumbo makusudi kwa ajili ya matope na mawe ya huku. Katikati ya miaka hiyo Datsun 240Z, gari la michezo lisilo na shaka, lilishinda mara mbili, 1971 na 1973. Hakuna aliyezicheka. Kwa hiyo 911 iliyosimama juu kidogo ina ukoo wake Afrika Mashariki, na ni ukoo wa heshima kuliko ule wa kulaza gari mbele ya hoteli.

Lakini pia si kila kupandisha ni kuzuri. MGB ya Uingereza iliinuliwa kama inchi moja katikati ya miaka ya 1970 ili bampa zake zifikie kimo kilichotakiwa na sheria za Marekani, na wenye gari hilo wamekuwa wakilishusha mpaka leo kwa sababu lilianza kuyumba kwenye kona. Inchi moja tu.

Kwa nini basi la kwangu lilihitaji kupanda? Sababu ya kwanza ni oili. Injini ya 911 inapozwa kwa hewa na oili, na tangi lake la oili limetengwa na injini. Mabomba ya oili yanatoka nyuma, yanapita chini ya kizingiti cha mlango wa kulia, hadi kwenye kipozaji kilichojificha ndani ya tao la tairi la mbele. Fikiria tuta la mtaani lililojengwa na wakazi wenyewe kwa zege iliyobaki, lenye kichwa chembamba. Gari likiketi juu ya tuta hilo, kinachobeba uzito ni yale mabomba. Langu lilikuja na makovu hapo, bomba moja limebonyezwa mpaka limekuwa bapa. Joto la Tanga unalijua. Oili isipopita vizuri, injini ya aina ile haina pa kukimbilia.

Sababu ya pili ni kule kuinama upande wa dereva. Watu wakiona gari la zamani limelala upande mmoja husema chuma kimechoka. Toshenba huchoka kidogo sana. Mara nyingi kilichokwisha ni bushi. Nyuma ya 911, ncha ya nje ya toshenba imeshikwa na bamba la chuma refu na bapa linalokwenda hadi kwenye tairi, na bamba hilo limelala kwenye bushi za mpira. Mpira ukikauka na kupasuka, bamba linapoteza mahali pake, gari linalala, na mwenye gari anahangaika kurekebisha kimo cha kitu ambacho hakina pa kukaa. Tulipofungua upande wa kulia bushi ilitoka vipande vipande. Kwa hiyo ya kwanza ilikuwa kusubiri bushi mpya, na kusubiri kwenyewe sitawachosha nako. Yeyote aliyewahi kuagiza kipuri kidogo kutoka nje anajua safari yake.

Wakati toshenba ziko nje, zitazameni kwa mwanga. Fimbo hizi zimepakwa rangi, na rangi ile haikuwekwa kwa urembo. Mkwaruzo mmoja ukiingiwa na unyevu wa chumvi, kutu inachimba kitobo, na chuma kinachosokotwa kila sekunde hukatikia kwenye kitobo kama hicho. Kwa anayeegesha gari usiku Raskazone, ambako upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini, hilo ni jambo la kweli kabisa. Tulizisafisha, tukazipaka upya, tukapaka grisi kwenye meno. Tena, ya kulia na ya kushoto hazibadilishani. Kila moja ilishasokotwa kiwandani kuelekea upande wake, na ina alama kwenye ncha. Fundi alizifunga vitambaa vya rangi tofauti asije akachanganya, na akamkataza kijana wake asizisogelee.

Sasa kupima. Hapa ndipo muda mwingi ulipokwenda, na ndipo napenda kukaa. Kimo cha 911 kinapimwa kwa kulinganisha vitovu viwili: kitovu cha tairi na kitovu cha toshenba, vyote kutoka sakafuni. Mbele, kitabu cha kiwandani kinataka kitovu cha toshenba kiwe milimita 108 chini ya kitovu cha tairi, ikiruhusiwa 5 zaidi au pungufu. Angalia mtego uliomo: gari likipanda, namba hiyo inapungua, kwa sababu kitovu cha toshenba kinapanda pamoja na bodi na kitovu cha tairi kinabaki palepale. Fundi aliniuliza tunakwenda 120 au 130. Nikamwambia tunakwenda 85. Akanyamaza, akachora kwa chaki sakafuni, akacheka.

Sakafu yenyewe lazima iwe sawa. Gereji nyingi za Tanga zina sakafu ya udongo ulioshindiliwa na oili za miaka. Tuliomba pembe ya ghala moja kule karibu na bandari, na tukaikagua kwa mpira wa maji wa waashi, ule mrija unaoonyesha maji, ambao hauna betri wala hauongopi. Pembe moja ilikuwa chini kidogo, tukaijaza kwa vipande vya vigae. Kisha tangi likajazwa petroli. Tangi la 911 SC liko mbele na linachukua lita 80, yaani karibu kilo 60 ambazo ama zipo au hazipo juu ya matairi ya mbele. Upepo wa matairi ukawekwa sawa. Kwenye kiti cha dereva tukaweka mfuko wa saruji wa kilo 50 na dumu la maji la lita 20, jumla yake ni mtu wa kilo 70 asiyezungumza wala kutoa ushauri.

Mbele kazi ni nyepesi. Unainua gari kwa jeki uzito utoke kwenye tairi, unazungusha boliti, unashusha. Lakini ukishusha tu usipime. Bushi na matairi yanashika, gari linabaki limesimama juu kuliko hali yake. Lisukume mbele na nyuma, libonyeze, au bora zaidi liendeshe kidogo barabarani lirudi. Sisi tulikwenda hadi Pongwe na kurudi, tukipishana na malori ya saruji, ndipo tukapima. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba fundi alidai nimebadilisha matairi njiani.

Nyuma ndipo penye akili. Toshenba ya nyuma ina meno ncha zote mbili, lakini hayalingani: ncha ya ndani ina meno 40, ya nje 44. Jino moja la ndani ni digrii 9. Jino moja la nje ni digrii 8 na sehemu 18 za mia. Peke yake kila moja ni hatua kubwa mno, gari lingeruka sentimita kadhaa juu au chini. Ila ukizungusha ncha ya ndani jino moja kupandisha na ncha ya nje jino moja kushusha, kinachobaki ni tofauti yao: chini kidogo ya digrii moja. Kwenye tairi hiyo ni kama robo inchi. Kwa kutolinganisha meno tu, mtu alitengeneza kipimo chembamba kutoka kwenye hatua mbili nene. Nimekaa na hesabu hiyo jioni nzima kwa raha tu. Fundi naye alipoielewa alikwenda kumweleza jirani yake wa gereji, na jirani hakuamini mpaka alipohesabu meno kwa kidole.

Unachopima ni pembe ya lile bamba linaponing'inia bila mzigo, ukilinganisha na kizingiti cha mlango, kwa sababu gari liko juu ya stendi na huenda limeinama. Programu ya simu ya kupima mwinamo ilitosha. Ukishafika karibu kwa meno, gari la miaka hii lina msaada mwingine: bamba lake ni vipande viwili vinavyoungana kwa boliti yenye kitovu cha pembeni, ukiizungusha unapata milimita za mwisho bila kung'oa kitu. Magari ya zamani zaidi hayana hiyo, na mafundi wake walikuwa na subira ambayo sina.

Nilipandisha kama sentimita mbili na nusu mbele, na nyuma kiasi kinacholingana ili gari lisiinue pua. Kwa nini si zaidi? Shokapu. Kila milimita unayopanda unainyang'anya tairi nafasi ya kushukia. Na mbele, fimbo za usukani zinazotoka kwenye boksi zinaanza kuteremka kwa pembe kali, ikawa kila tairi linapopanda na kushuka linageuka kidogo lenyewe, hujashika wala hujakunja. Kwenye lami ya Horohoro kwa mwendo wa kasi hilo utalisikia mikononi.

Kisha ikaja mizani. Ukibadilisha kimo cha kona moja, uzito unahamia kwenye kona mbili za mshazari, na gari linaweza kuonekana limenyooka kabisa huku linabebwa zaidi na mbele kushoto na nyuma kulia. Ukifunga breki linavuta. Wenzetu wa mashindano wana mizani minne ya umeme. Sisi tulikuwa na mmoja, wa kupimia magunia, wa chuma, unaofika kilo 500. Unatosha: 911 SC ina kilo 1,160 hivi, na zaidi ya nusu yake iko nyuma, kwa hiyo tairi la nyuma moja ni kama kilo 350. Sharti ni kwamba matairi mengine matatu yakae juu ya mbao zenye kimo sawasawa na mizani. Ni kazi ya kubeba na kupanga upya kona baada ya kona, na vibarua wa ghala walikusanyika kutazama gari likipimwa kama zao la msimu. Mmoja akauliza kilo shilingi ngapi.

Alaimenti, yaani kunyoosha uelekeo wa matairi, ndiyo ya mwisho, daima, kwa sababu kila kilichotangulia kinaivuruga. Gari likipanda, matairi ya nyuma yanasimama wima zaidi na yanabadilisha uelekeo wake wa ndani na nje. Mashine ya kisasa tuliyoikuta haikuwa na 911 ya zamani kwenye orodha yake. Kijana aliyekuwa akiiendesha alitaka tuchague Cayenne, kwa hoja kwamba zote ni Porsche. Tukamwomba aache kuchagua, atusomee namba tu, na sisi tukarekebisha kwa kufuata karatasi yetu, huku fundi akihakiki kwa uzi wa mwashi uliokazwa ubavuni mwa gari kutoka mbele hadi nyuma. Uzi na mashine vilipishana kidogo sana.

Matuta ya mjini sasa linapita, yale mabaya kwa mshazari, tairi moja moja. Barabara ya Pangani bado sijalipeleka. Fundi anataka bushi za mbele nazo zibadilishwe kwanza, na boliti ya upande wa kushoto ameichora mstari wa rangi nyeupe ili aone kama inalegea, kisha amenikataza kabisa kumwonyesha yule kijana wa kwenye simu inavyozungushwa.